Sauti Isiyo na Toni

Jino la Derrick lilidondoka juu ya mtambo, na Shivachi akalisukuma kando kwa bisibisi ili aendelee na kazi.

"Harakisha, fundi," Kihara akasema, huku akipangusa rungu kwenye suruali. "Huyu shemeji yako ameanza kulala."

Walikuwa juu ya paa la ghorofa ya Kihara, Kawangware, jua likielekea kuzama. Hapo ndipo ulipowekwa mtambo unaodaka sauti za redio za walinzi wa mtaa na kuzirusha upya kwa nguvu, ili mlinzi wa huku amsikie wa kule. Jumamosi iliyopita sauti ya mwanamke ilikuwa imeingia humo, ikipiga mayowe kwamba majambazi wako nyuma ya kanisa. Walinzi wote wakakimbilia nyuma ya kanisa, wasikute hata paka. Waliporudi, lango la Kihara lilikuwa limevunjwa, na mpwa wake Gikonyo amekatwa mapanga.

Kihara alitaka mtu wa kulipa, na mtu aliyekuwa karibu alikuwa Derrick, mkuu wa walinzi. Kwa Kihara mambo yalikuwa wazi: Derrick alimpa mwanamke redio ya walinzi ili awapoteze wenzake. Vijana walikuwa wamemfunga kwenye nguzo ya tangi la maji tangu asubuhi, wakipokezana kumpiga. Chini, kando ya lango, tairi kuukuu lilikuwa tayari na petroli yake.

Derrick alikuwa kaka wa Angeline, mke wa Shivachi. Habari zilipofika kwao Kianda, huko Kibera kando ya reli, Angeline alimsukuma mumewe nje ya mlango. "Usirudi hapa bila ndugu yangu," alimwambia, na Shivachi alimjua mkewe; hakuwa mtu wa kutishia bure.

Hapo juu ya paa, Shivachi akamweleza Kihara jambo lenyewe kwa Kiswahili chepesi. Mtambo ulikuwa umeachwa wazi kama choo cha stendi, yeyote anaingia. Sasa ameweka toni kwenye redio zote za walinzi, mlio mdogo unaosafiri chini ya sauti, sikio haliusikii ila mtambo unausikia. Ameinakili kwa waya, redio hadi redio, kwa sababu ndivyo alivyomfanyia kila mteja: unachukua iliyo mezani, unakopi mipangilio yake yote kwenye ya mteja, unapokea inayofuata. Akiuamuru mtambo udai toni, redio za walinzi zitapita na ya mtu wa nje itafungiwa.

"Huyo mwanamke akiongea tena, nabonyeza hapa," akasema. "Akiendelea kusikika, ako na redio yenu, na sina la kusema. Akikatika, ni mtu wa nje, na Derrick hana makosa."

"Na asipoongea?"

"Ataongea, mzee." Hakuwa na hakika hata kidogo.

"Jua likizama bado amenyamaza, huyu anashuka chini kwa tairi."

Shivachi akalegeza kizuizi cha kelele mpaka mwisho, ili hata sauti hafifu ipenye. Spika ikaanza kukoroma. Kijana mmoja akampiga Derrick teke la mbavu, kwa kuchoka kungoja tu, na kitu kikavunjika ndani. Shivachi akamwomba Mungu kwa moyo wake wote yule mwanamke, awe nani awe nani, afungue mdomo wake.

Akaufungua.

Sauti ilikuja imechanwachanwa na kelele, na nyuma yake honi nzito iliyovutwa kwa muda mrefu. "Njooni! Wako na panga! Njooni!"

"Si ni huyo!" Kihara akaruka. "Si ni huyo huyo!"

Derrick akainua kichwa. Midomo yake ilikuwa imevimba, lakini maneno yalitoka. "Shemeji, ngoja. Hiyo sauti..."

Rungu likamnyamazisha. Kichwa kikaanguka kifuani, na Kihara akalinyanyua tena. Shivachi akajua kwamba akichelewa hatakuwa na mtu wa kuokoa.

"Wananifukuza! Niko nyuma ya..."

Akabonyeza.

Kimya. Taa ya kijani, inayoonyesha kwamba mtambo unapokea mawimbi, iliendelea kuwaka, ila spika haikutoa hata mkwaruzo. Mwanamke alikuwa bado anapiga kelele huko aliko na mtambo ulikuwa unamkatalia.

Kihara akachomoa redio kiunoni. "Lango, mnanipata?"

"Tunakupata safi, mzee."

Akaitazama taa, akamtazama Derrick. Alikuwa katili, lakini hakuwa mpumbavu. "Ni mtu wa nje," akasema polepole.

Vijana wakaanza kuicheka ile taa. "Wacha apayuke huko," mmoja akasema. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika. Ikawaka kidogo tena, kisha haikuwaka.

"Amechoka," Kihara akasema. "Mfungueni huyu."

Wakamteremsha Derrick ngazi zote akiwa amezirai, lakini anapumua. Shivachi akamlaza kwenye baraza la duka, akalia waziwazi, mwanamume mzima mbele ya waliompiga shemeji yake, wala hakuona haya. Kisha akatoa simu ampigie Angeline. Alitaka yeye ndiye awe wa kwanza kujua.

Aliyepokea ni Bridgit, jirani yao.

"Mwambie Angeline nimempata ndugu yake," Shivachi akasema. "Ako hai!"

Bridgit alikuwa akilia. "Shivachi, wamemuua Angeline. Alikuwa anatuita na ile redio ulitukopia kutoka kwa ya Derrick, vile tulifanya mazoezi Jumamosi, tukijifanya majambazi wako nyuma ya kanisa. Mimi nilikuwa na hiyo ingine kwa mkono, namskia vizuri, na watu wa ploti wote wako nyuma yangu na marungu. Akaanza kutuambia ako nyuma ya nini, halafu redio ikanyamaza."