Sura ya Mama Mutheu

Ndolo alichora watu wa mtaa wa Baba Dogo kwa rangi za maji, na hakuwahi kumpunguzia mtu hata kunyanzi moja. Mkewe alipozidiwa na ugonjwa, ndugu zake waliondoa kioo chumbani ili asijione. Asubuhi moja akaomba achorwe, watoto wabaki na sura yake.

Ndolo alichora alichokiona: mashavu yaliyobonyea, midomo iliyopasuka, shingo iliyokonda kama ya kifaranga.

Mkewe aliipokea karatasi ikiwa bado mbichi, akatabasamu.

"Huyu ni marehemu mama kabisa, siku zake za mwisho! Sasa nichore mimi, Baba Mutheu."

Angeweza kunyamaza.

"Ni wewe huyo," Ndolo akasema.

Mkono wa mkewe ukapanda polepole kuelekea shavuni.