Sahani Iliyomeguka

Siwatu alikuwa uani anaosha vyombo aliposikia sauti ya mwenye nyumba, Bwana Shebe, kutoka chumba cha kwanza.

"Toeni sahani zenu! Nikimpata aliyeanzisha, leo hii anahama!"

Siwatu akaitazama sahani yake aliyokuwa akiisugua. Juzi kikundi cha wajamaa wa mtaa kilikutana chumbani kwake, kikapiga kura kwamba kisima kiwe cha wapangaji wote. Kwenye barua ya kumpelekea Bwana Shebe, majina waliyaandika kwa duara, asijulikane wa kwanza kutia sahihi. Duara lenyewe walilichora kwa kuzungusha kalamu kwenye sahani yake, na hakuna aliyekumbuka kuwa imemeguka ukingoni. Sasa pengo hilo lilionekana wazi kwenye karatasi aliyoshika Bwana Shebe.

"Niitupe chooni?" alimnong'oneza jirani yake, Somoe.

"Atakuona, shoga. Hebu niione."

Somoe aliitazama, akachukua sahani yake mwenyewe, nzima, ya harusi, akaigonga kwenye jiwe la kufulia. Kipande kikaruka.

Siwatu akaziba mdomo. Kutoka chumba cha tatu ukasikika mlio mwingine wa sahani kugongwa. Kisha cha nne.

Viatu vya Bwana Shebe vikasimama kwenye mlango wa uani.