Mheshimiwa Aliyegeuka Kabichi

"Bosi, toka basi! Huyo anapanda ngazi!" Chinatsu alinong'ona, akigonga mlango wa choo.

"Mwambie nimesafiri," sauti ya Tsukuda ilijibu kutoka ndani.

"Umesafiri kwenda wapi?"

"Mbali!"

Basi Chinatsu akaliweka sawa koti lake, akaenda kumfungulia mgeni peke yake.

Mlangoni alisimama mama wa makamo aliyevaa kimono cha kijivu. Nywele zake zilikuwa zimelala kama zimechorwa. Mkono mmoja ulibeba boksi la keki za mchele, zile za duka la ghali, na kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa kimefungwa plasta. Osaka nzima ilimjua. Katika kila bango la uchaguzi alisimama nyuma kidogo ya mumewe, mbunge Kurobane, akitabasamu.

"Wewe ndiye Bi Chinatsu Wakasugi? Uliyechora lile gemu?"

"Ndiyo, mama. Karibu ndani."

Chinatsu alijua kilichomleta. Gemu la kompyuta la kampuni yao lilikuwa linauzika kama njugu. Humo, muuaji wa kukodiwa, mwanamke mwenye mwavuli unaofyatua risasi, anawasaka vigogo waliokula njama ya kuuza mvua yote ya nchi. Vigogo hao wana vichwa vya samaki na hufanya vikao vyao chini ya bwawa la bafu la umma. Mkubwa wao peke yake ndiye mwenye sura ya mtu, na akipigwa risasi kichwa chake hugeuka kabichi, majani yakapeperuka huku yakiimba wimbo wa chama.

Mtu huyo ana chunjua kando ya pua, na hulamba mdomo kila anapotaka kudanganya. Mtoto mdogo angemtambua Kurobane. Chinatsu alikuwa amemchora kwa raha zote, maana mheshimiwa ndiye aliyeahidi kulilinda soko ambamo mama yake Chinatsu alikuwa akiuza samaki, kisha akalibomoa, na leo pale wanaegesha magari.

Raha hiyo sasa ilikuwa inamtokea puani. Kesi moja tu na kampuni yao ndogo ingefunga milango, watu wote wangerudi makwao mikono mitupu, na kisa ni yeye.

Mama Kurobane aliketi, akaweka boksi mezani, akakataa chai kwa adabu.

"Yule mtu," alisema. "Ni mume wangu."

Chinatsu alikuwa na jibu alilofundishwa na bosi: kufanana ni kwa bahati tu. Alifungua mdomo alitoe, akamwona yule mama anavyomtazama, akaliacha.

"Ndiye, mama," alisema. "Nilimchora kwa makusudi."

Chooni kitu kilianguka.

"Nani yuko huko?"

"Fundi bomba, mama."

Mama Kurobane alitikisa kichwa taratibu. "Mheshimiwa ameliona. Sasa chapati ya kabichi, chakula chetu cha Osaka, hataki hata kuisikia, na yeye ni mtu wa hapa hapa! Mpishi wetu analia."

"Pole sana, mama."

"Na yule mlinzi wa kichwa cha pweza, pale kwenye ngazi za bafu. Ukimpiga kifuani hafi. Mpaka mgongoni, sivyo?"

Jasho lilimtoka Chinatsu. Bila shaka mawakili wa mheshimiwa walikuwa wamelichambua gemu chembe kwa chembe.

"Ndiyo, mama. Mgongoni."

"Nilijua tu. Na ile hotuba anayotoa mume wangu kabla ya kupigwa risasi, nani aliiandika?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Bosi wangu hana kosa, wala wenzangu. Kama ni kushtaki, nishtaki mimi."

"Umeipatia," yule mama alisema. "Hata pale anapokohoa ili watu wapige makofi. Hata ile habari ya marehemu babu yake na punda."

Chinatsu aliinuka, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Mama, nakuomba radhi. Sema lolote unalotaka tulifanye. Tutambadilisha sura. Tutamwondoa kabisa, ukitaka hata leo."

"Umwondoe?" Mama Kurobane alishtuka, akashika kifua. "Thubutu! Hebu inuka, mwanangu, inuka uketi."

Chinatsu aliinuka, akaketi. Yule mama alitazama mlango wa ngazi, akatazama mlango wa choo, kisha akavuta kiti chake mpaka wakakaribia kugusana mabega, akashusha sauti.

"Ile hotuba mimi naisikia nyumbani asubuhi na jioni. Hakuna kitufe cha kuiruka, nifike moja kwa moja kwenye kabichi?"