Nyani na Moto wa Buku

Zamani hizo, na anayebisha atoke, Nyani alikuwa na ngoma inayosikika mpaka mwezini. Mpishi wa sauti alikuwa panya Buku. Ngozi ikilegea, anaipasha moto. Ikikaza mno, anaipitishia kitambaa kibichi.

Siku ya harusi ya binti wa Kiboko, wageni wakamsifu Buku. Nyani akafura.

"We panya, umewahi kushika kijiti wewe?"

"Sijawahi, kaka."

"Basi toka! Mpigaji ni mimi!"

Buku akaondoka. Nyani akapiga kipigo cha kubomoa milima saba. Ngoma ikasema pwa, kama ugali ulioanguka.

Kiboko akanguruma, "Bila ngoma mwanangu hatoki ndani! Ilie, ama nikukanyage!"

Nyani akamkimbilia Buku. "Ndugu yangu, rudi."

"Kwenda huko! Kijiti si unacho?"

"Nisamehe!"

"Kaseme mbele yao."

Nyani akasaga meno, akasema mbele ya wageni elfu tisini: "Napiga mimi, lakini ilie vipi, anajua Buku."

Buku akaipasha ngozi. Nyani akaigusa kwa kidole kimoja tu, na bibi harusi akatoka mbio, kiatu mguu mmoja.