Wa Kulia Uchelewe

Sheria inataka muziki wa piano wa karne ya kumi na tisa upigwe kama ulivyopigwa zamani: mkono wa kushoto utangulie, wa kulia uchelewe kidogo. Ukikosea, piano inajifunga. Mimi imeshanifungia mpaka nimeichukia.

Jana mama alikaa akapiga, na lile dude la piano likamsifu: "Safi kabisa, Bi Mwanakheri. Mwanao na aige."

"Aige nini, mwanahizaya wewe?" nilifoka. "Mkono wake wa kulia una kiharusi!"

"Usilitukane, Mishi," mama alinong'ona. "Litatushtaki."

Basi nikaiga, kwa hasira, mpaka likaridhika.

Leo asubuhi nilikuwa namlisha mama uji. Mkono wangu wa kushoto ulimshika kidevu. Wa kulia, wenye kijiko, ukachelewa kidogo, na sikuuambia uchelewe.

Mama aliutazama, akafumba mdomo.