Busu la Mwisho wa Barua

Varo alisukuma mlango wa karakana ya ngozi, akajikwaa na kuanguka mbele ya waumini waliokusanyika humo kwa siri. Askari wenzake walikuwa wamemvunja mbavu kwa sababu alikataa kuchoma nyumba nyingine ya Wakristo.

"Nificheni," alisema, mdomo umejaa damu.

Damari, mjane aliyekuwa miongoni mwao, alimtambua. Ndiye aliyempiga mumewe kwa rungu pale sokoni hadi akafa. Damari alichomoa kisu cha kuchunia ngozi, akamrukia, akamchana shavu, kisha akamkandamiza kwa goti na kumwekea kisu kooni.

"Damari, mwanangu!" alipiga kelele mzee Nereo, aliyekuwa akiwasomea barua ya mtume. "Sijamaliza."

"Maliza upesi, baba. Nami nimalize langu."

Nereo akasoma mistari iliyobaki. Mtume, aliyeandika akiwa amefungwa minyororo, aliwasihi wasilipe damu kwa damu. Mwishoni aliwaagiza, kama kawaida yake, wapeane busu la amani. Hapo karakanani hakuna aliyewahi kutoka kabla ya kumbusu kila aliyekuwemo.

Watu wakaanza kubusiana kimya kimya. Zamu ikamfikia Damari.

"Na huyu naye yumo?"

Nereo aliigeuza barua, akatazama hata mgongoni mwake. "Hakuachwa mtu, mwanangu."

Varo akafumba macho. Damari akainama taratibu, mpaka nywele zake zikalowa damu ya yule askari, akambusu shavu alilolichana. Kisu kilikuwa bado kooni.