Tabibu wa Kuazima

Kundi lilikuwa na mpiganaji, mchawi na mwizi wa vichochoroni. Tabibu hakuwepo.

"Bila tabibu tutafia pangoni hata joka hatujaliona," alisema Profesa, msimulizi wa mchezo wao wa kuigiza hadithi kwa dadu, akizipanga mezani. "Na mwenzetu ndiyo huyo anaumwa."

"Tabibu mzima anaumwa," alisema Twiga. "Ameiaibisha kazi."

Kidoti alicheka. Mpole naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo. Wale watatu walikuwa wakicheza pamoja tangu mwaka wa kwanza chuoni. Yeye walimkaribisha mwezi uliopita tu, na leo ndiyo mara ya kwanza wao kuja nyumbani kwake. Alikuwa amefua mapazia na kutafuta glasi zinazofanana. Alitaka siku iende vizuri, wamwite tena.

Lakini walikuja mapema, wakamkuta fundi bomba amelala chali chini ya sinki, viatu vyake vya kazi vimetokeza kwenye mlango wa jikoni. "Kumbe una fundi leo," Twiga alisema, na Mpole akajibu ndiyo. Tangu hapo uso ulikuwa ukimwaka.

Sasa fundi alitoka akijifuta mikono kwenye ovaroli. "Limepona, dada," alisema. "Halivuji tena."

"Mmesikia? Kaponya sinki," Kidoti alisema. "Tabibu si huyo hapo. Fundi, una haraka?"

"Mwacheni, ana kazi zake," Mpole alisema upesi.

Fundi alimtazama, kisha akazitazama dadu. "Haraka si sana."

Alivuta stuli iliyokuwa nyuma ya mlango, akakaa mbali kidogo na kochi. Profesa alimweleza taratibu: mpiganaji hutangulia, mchawi hurusha moto, mwizi hufungua makufuli.

"Na tabibu?"

"Anakaa nyuma, anawaponya wenzake. Sifa hapati."

"Huyo nitamweza. Nipeni huyo."

"Ila usituponye kwa spana, mzee," Twiga alisema.

"Itategemea ugonjwa."

Walicheka sana. Mpole aliona kwamba wamempenda fundi, na aibu ikamzidi badala ya kupungua.

"Tuna kanuni moja," Profesa alisema. "Anayeingia mwisho lazima awe na uhusiano na kiongozi wa kundi. Ndugu, jirani, hata adui. Na kiongozi ndiye anayeamua. Mpole, mpiganaji ni wewe. Huyu tabibu ni nani wako?"

Dadu ilikuwa imemlowa mkononi. Fundi aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu, na kamba yenyewe ilikuwa imefungwa tayari.

"Si mtu wangu," Mpole alisema. "Tumemkuta njiani."

"Mbona unamkana mwenzio hivyo," Kidoti alitania. "Hata ujirani tu?"

"Njiani panatosha," fundi alisema, bado ameinama. "Hata wa njiani anaponya."

Walicheza mpaka jua likahama sakafuni. Twiga aliungua mara mbili, akaponywa. Mpiganaji alipoanguka mbele ya joka, tabibu alitoa uhai wake wote, na hakuna aliyeweza kumbishia.

"Umekufa, mzee," Profesa alimwambia kwa huruma.

"Si kitu. Mmepita?"

Walikuwa wamepita. Mlangoni Kidoti alimshika Mpole mkono. "Jumamosi ijayo kwangu. Usikose, mwaya." Ndilo neno alilolingoja siku nzima, na alipolipata hakujua aliweke wapi. Alisema ahsante kwa sauti ndogo.

Fundi naye alibeba mkoba wake wa spana, akashuka ngazi pamoja nao, akawaaga getini, kisha akashika njia kama mtu anayewahi kazi nyingine.

Mpole alisimama dirishani mpaka gari lao likakata kona. Ndipo alipofungua mlango, akapasha chakula moto, akangoja baba yake amalize kuzunguka mtaa na mkoba wake wa spana, arudi nyumbani kwake.